Kipande cha Mariamu Kilichokataa Rangi

Wenzangu wa mwalo wa Masese, mmenichosha. Tangu nirudi kutoka Mbale, kila anayekuja kwangu kununua mukene, dagaa wetu hawa, anauliza kama ni kweli nilikamatwa na polisi nikiwa na nyama ya mtu. Kila mmoja amesikia lake. Kuna aliyeambiwa nilikutwa na kichwa. Naandika mara moja tu, mpitishiane, na mkishasoma mniache nianike dagaa wangu kwa amani.

Mnanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza anataka nini. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikifika peponi nitamdai malaika kitambulisho. Basi tabia hiyo nilisafiri nayo yote, sikuacha hata chembe nyumbani Mpumudde.

Jinja: karatasi nisiyoiamini

Mdogo wangu Mariamu anakaa Namatala, kule Mbale, na mumewe Hamidu. Alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, na ikathibitishwa kuwa ni kansa. Daktari wake akaagiza kipande cha uvimbe huo, kilichogandishwa ndani ya nta, kiletwe kwenye maabara moja hapa Jinja kipimwe vipokezi vya homoni. Jibu hilo ndilo lingeamua matibabu. Kansa ikiwa na vipokezi, inalishwa na homoni za mwanamke mwenyewe, na kuna kidonge cha kila siku kinachoizuia isile. Ikiwa haina, kidonge hicho hakina kazi kwake, anabaki na dripu za dawa kali peke yake. Siku ya kuanza dripu ilikuwa imeshapangwa, zimebaki wiki mbili kasoro. Jibu lingekosewa, Mariamu angenyimwa kidonge na kansa ingeendelea kulishwa huku sisi tukijipa moyo kwamba ametibiwa.

Nilikwenda kuchukua jibu mwenyewe. Msimamizi wa maabara ni mama mtu mzima anayeitwa Nabirye. Lusoga langu ni la kupimia dagaa tu, naye Kigisu hakijui, kwa hiyo tukakutana kwenye Kiswahili. Karatasi ilisema vipokezi hakuna. Ilisema pia kwamba Ki-67, alama inayoonyesha seli zinazaliana kwa kasi gani, iko chini.

"Mama Zaituni, mimi sina furaha na hii majibu," Nabirye akaniambia. Akanikalisha kwenye darubini nikaona vidoto vya buluu, vingi kama mchanga. "Angalia hapa kando. Hii ni nyama ya titi nzuri, haina kansa. Hii ya nzuri kila siku inashika langi ya kahawia. Lakini ya dada yako imekataa. Yote imekataa, mbaya na nzuri."

"Maana yake nini?"

"Maana yake siwezi kuamini. Pengine kansa haina vipokezi kweli. Pengine ile nyama ilikaa bila dawa. Ikitoka kwa mwili inatakiwa kuingia kwa dawa mala moja. Ikikaa, vipokezi vinahalibika, sisi tunaona kama havikuwepo. Hata hiyo Ki-67 inashuka, inatudanganya."

Hapo nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Samaki aliyecheleweshewa barafu namjua kabla sijamshika. Unaweza kumlaza kwenye barafu wiki nzima baadaye, jicho lake halirudi. Mtu fulani kule Mbale alikuwa amemchelewesha Mariamu wangu.

Nabirye akaniuliza kama kabla ya operesheni Mariamu alichomwa sindano ya kutoa kipande kidogo. Nikasema ndiyo. "Basi hicho kipo mahali, ndani ya nta. Niletee. Usikiweke kwa jua, nta itayeyuka."

Asubuhi yake niliondoka. Kichwani nilikuwa na orodha ya watuhumiwa: nesi, daktari, mfagiaji, na juu kabisa Hamidu. Huyo shemeji yangu anauza vitambaa, anaongea chini chini, hajawahi kunipinga jambo hata moja kwa miaka kumi na minane. Mtu wa namna hiyo anaficha kitu. Nilikuwa nimesikia pia uvumi wa mke wa pili kule Tororo, ingawa aliyeniambia ni mtu ambaye naye simwamini.

Jinja hadi Nakalama: jirani aliyeniogopa

Kwenye teksi nilikaa na bibi mmoja mwenye kikapu cha mihogo. Tuliongea vizuri kwa Luganda yangu ya kuokoteza mpaka tuliposimamishwa na polisi. Mimi, kwa mazoea, nikamjibu afande kwa Kiswahili: natoka wapi, nakwenda wapi. Tulipoondoka bibi alikuwa amehamishia kikapu goti la upande wa pili, akaniuliza polepole kama mume wangu ni mwanajeshi. Nikamwambia mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Hakuamini. Katika ujana wake, Kiswahili kilikuwa kikisemwa na wanajeshi waliokuja kuvunja mlango, na sikuweza kumlaumu. Lakini niliudhika, kwa sababu kwa kawaida anayeshuku ni mimi.

Nakalama, mahali barabara ya Tirinyi inapochepuka, magari yalikuwa yamepangana. Maji ya mto Mpologoma yalikuwa yamepanda barabarani na hakuna gari dogo lililokuwa likivuka. Dereva akatushusha. Nilifikiri ametunga, nikaenda kwa miguu kuwauliza madereva watatu wengine. Wote walisema maji. Nikadhani wamekubaliana, mpaka nikaona mtu ametokea huko na suruali imelowa hadi mapajani.

Nakalama hadi Tororo: rolex ya Mutua

Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka kwa barabara kuu ya Malaba. Dereva mmoja wa lori, Mkenya wa makamo aitwaye Mutua, alikuwa akirudi kwao bila mzigo.

"Panda tu, mathe," akasema. "Nitakushusha Tororo."

Nilisoma namba ya lori kwa sauti, nikijifanya nampigia mtu simu ili Mutua ajue kwamba kuna anayejua niliko. Akacheka peke yake. Alikuwa na rozari kwenye kioo na nyimbo za kanisani zisizoisha. Bugiri alisimama akanunua rolex mbili, chapati za mayai zenye nyanya na vitunguu, zimesokotwa moto moto. Nilikuwa na njaa ya kutetemeka, lakini chakula cha mgeni barabarani sikipokei. Mutua aliiona sura yangu. Akazikata zote mbili katikati kwa mkono, akala nusu ya hii na nusu ya ile, kisha akaniachia zilizobaki.

"Tukifa, tumekufa wote," akasema.

Nikala. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia harusini.

"Mathe, watu wa harusi hawalii."

Nilijigusa shavu, kumbe nalia. Sikujua ni tangu lini. Nikamwambia ukweli wote, hata habari ya vipokezi na kidonge. Akapunguza sauti ya nyimbo zake, kisha akasema mke wake anakunywa kidonge hicho mwaka wa tatu sasa. "Usiku anasikia joto, ananifukuza kwa kitanda. Lakini yuko. Ukimpigia saa hii atakutukana."

Hakumpigia, na mimi sikumwomba. Hadi leo sijui kama ana mke anayekunywa kidonge au alinitungia tu ili ninyamaze. Nikiwa peke yangu napenda kuamini kwamba yupo.

Namatala: malewa na jibu fupi

Nilifika Namatala jua likizama. Mariamu alikuwa amekonda, amejifunga kanga kifuani kwa namna ambayo huwezi kujua kilichopungua. Alinipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, na harufu yake ilinirudisha kwa mama yetu mpaka nikajikaza nisilie tena. Hamidu alinimiminia maji ya kunawa mikono. Sikumpa hata nafasi ya kuweka birika chini.

"Shemeji, siku ya operesheni nani alibeba chupa ya uvimbe?"

Ndivyo kazi inavyokwenda kule. Uvimbe ukitolewa, ndugu wa mgonjwa anakabidhiwa ukiwa ndani ya chupa yenye dawa, naye ndiye anayeupeleka maabara ng'ambo ya mji.

"Mimi, shemeji."

"Ukaipeleka lini?"

"Siku hiyo hiyo," akasema, macho yakiwa kwenye birika.

"Dada, kula kwanza," Mariamu akasema.

Nilikula, lakini nilikuwa nimeshampata mtu wangu.

Mbale mjini: ufunguo ulioenda kucheza ngoma

Kesho yake nilikwenda maabara iliyopokea chupa. Fundi akafungua daftari bila ubishi, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Operesheni: Jumanne asubuhi. Chupa kupokelewa: Jumatano, saa tisa mchana.

"Na ndani ilikuwa na maji tu," fundi akasema. "Si dawa. Nilimwaga, nikaweka dawa. Nikamuuliza yule mzee aliyeileta, akaniaga tu."

Jumanne asubuhi mpaka Jumatano alasiri. Nilihesabu saa zile kwenye vidole na kila moja ilinichoma. Nikaona wazi kabisa: Hamidu Tororo kwa mke wa pili, chupa juu ya kabati, dawa imemwagika, akajaza maji ya bomba.

Habari njema ilikuwa kwamba kipande cha sindano kipo. Daktari alikuwa amekitia kwenye dawa kwa mkono wake mwenyewe, palepale. Habari mbaya ni kwamba kabati limefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Ulikuwa msimu wa imbalu, naye alikuwa amekwenda kumsindikiza mpwa wake anayetahiriwa. Mpwa hawezi kukabili kisu bila mjomba.

"Atarudi lini?"

"Ngoma ikiisha."

Nilidhani wanaficha. Nilikaa kwenye benchi lao siku mbili, nikila karanga na kumkazia macho kila aliyeingia. Jioni nikirudi Namatala sikusema na Hamidu zaidi ya salamu. Siku ya pili, wakati tuko wawili uani, nilimwita mwongo mbele ya uso wake. Aliinama akaendelea kukunja vitambaa vyake.

Siku ya tatu mwenye ufunguo akaja, sauti imemkauka, uso bado una unga wa mtama aliopakwa ngomani. Alifungua droo akatoa kijipande cha nta kisichozidi kidole gumba, ndani yake nyuzi tatu nyembamba, nyeupe kama uzi wa nyavu. Hicho ndicho kitu pekee kilichobaki cha kupimwa. Nilisoma namba mara tatu, nikalinganisha na daftari, nikamwomba anawe uso nimwone vizuri, kisha ndipo nikatia saini.

Kurudi: hotipoti kwenye kizuizi

Nabirye alisema kisione jua, basi mimi nikafanya ninavyojua. Nilikifunga kipande ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikakiweka kwenye hotipoti ya Mariamu juu ya barafu. Hamidu akasema anakuja nami. Nikamwambia hapana. Akavaa kanzu yake akapanda basi, akakaa kiti cha pili kutoka kwangu. Niliwaza kwamba anataka kukiharibu na hiki, nikaikumbatia hotipoti kwa mikono miwili.

Kabla ya Bugiri kulikuwa na kizuizi. Afande mmoja mnene aliingia akipekua mizigo. Alipofika kwangu akaona ninavyoishika hotipoti ile, na mtu anayeshika kitu namna ile lazima apekuliwe. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

"Mama, fungua. Hii ni chakula?"

"Hapana, afande."

Akafungua mwenyewe. Barafu, plastiki, na ndani ya plastiki kitu.

"Hii ni nini?"

Mngekuwa nyinyi mngesema ni kipimo cha hospitali. Mimi, kwa uchovu wa siku tano, nilisema, "Ni nyama ya dada yangu."

Basi zima likanigeukia. Kisha mwanamke aliyekuwa mbele yangu akapiga ukelele, na watu wakaanza kupanda juu ya viti. Mnajua sote tunavyoogopa watu wanaouza viungo kwa waganga. Mtu nyuma alisema niteremshwe. Mwingine akasema nichomwe. Nilitafuta kwenye mkoba barua niliyopewa na maabara ya Mbale. Nilitoa rozari ya mtu, sijui hata niliipata wapi, labda kwenye lori.

"Shuka, mama," afande akasema, mkono ukiwa kwenye kifuniko cha hotipoti. Barafu ilikuwa ikiyeyuka kwenye jua la dirishani. Niliogopa zaidi kwa ajili ya ile nta kuliko nafsi yangu, nawaambieni kweli.

Hapo Hamidu akasimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakuipaza sana, lakini kila mtu alimsikia.

"Afande, ni ya mke wangu. Ana kansa ya titi. Inapelekwa kupimwa ili ijulikane anatibiwa vipi. Barua iko pale, mwache huyu mama aitafute. Na kama mnatafuta mwenye makosa, ni mimi."

Afande akamgeukia. "Makosa gani?"

"Nilipewa chupa ya kwanza nipeleke maabara. Kwetu Waislamu, kiungo cha mtu kikitoka hakitupwi, kinazikwa. Nilipoiona ile nyama, nilimwona yeye. Nikamwaga yale maji makali ya dawa, nikaiosha kwa maji safi, nikaifunga bafta nyeupe, nikasema kesho nitaizika. Asubuhi nilikwenda kwa sheikh aniambie namna, nikampata adhuhuri. Sheikh akasema kiungo cha mtu aliye hai hakina kuoshwa, na kama daktari anakihitaji kipelekwe kwake kwanza. Nikairudisha kwenye chupa kwa maji, nikakimbia maabara. Lakini nilikuwa nimeshaiharibu. Hii iliyo hapo ndiyo ya mwisho. Tafadhali, ifunike."

Yule mwanamke wa mbele alishuka kutoka kwenye kiti alichopanda. Nilipata barua, afande akaisoma yote, midomo ikitembea, kisha akafunga hotipoti mwenyewe na kunirudishia.

"Peleka, mama. Dereva, enda."

Nilihamia kiti kilichokuwa kando ya Hamidu. Nilitaka kumwambia kitu, lakini nilikuwa na hasira na aibu kwa pamoja na sikujua nianze na ipi. Kwa siku tano nilikuwa nimemjengea nyumba Tororo, nikamwekea na mke ndani, kumbe alikaa chumbani kwake na kitambaa cheupe mapajani. Na bado, heshima yake ile ilikuwa karibu kumuua dada yangu. Yote mawili yalikuwa kweli. Nikampa hotipoti aishike.

Jinja tena: jibu la pili

Nabirye alicheka alipoona barafu, akasema hata yeye huilaza nta kwenye barafu kabla ya kuikata, kwa hiyo nimemrahisishia. Hamidu alirudi kwa mkewe, na siku nne baadaye Nabirye aliniita. Nilikaa kwenye darubini na safari hii sikuhitaji kuelezwa. Kila mahali palikuwa kahawia. Seli karibu zote zilikuwa zimeshika rangi, vipokezi viko tele. Ki-67 nayo ilikuwa juu kuliko ile ya kwanza, na hilo lilinitisha, lakini Nabirye akasema ni afadhali kumjua adui kwa kasi yake ya kweli. Nilimwomba anionyeshe namba ya kipande. Akanionyesha. Nikamwomba tena. Akanionyesha tena, bila kukasirika.

Daktari wa Mbale alilipokea jibu siku mbili kabla ya dripu. Akabadilisha mpango wote: dripu chache kwa sababu ya ile kasi, na baada yake kidonge, kila siku, kwa miaka.

Nilimpigia Mariamu. Alilia, nami nikalia.

"Dada, Hamidu hakuiosha ile nyama kwa akili yake."

"Unasemaje?"

"Ni mimi. Kabla sijaingizwa chumba cha operesheni nilimwapisha. Nilimwambia wasinitupe kwenye ndoo. Nilimwambia anioshe, anifunge bafta, anizike karibu na mama. Yeye alisema twende tukaulize kwanza, nikamwambia aape. Akaapa. Ulipokuja alitaka kukueleza, nikamkataza. Niliona aibu, dada. Nilijali kipande cha titi kilichokufa kuliko mimi niliye hai."

Katika orodha yangu yote, nilipomweka hata mfagiaji ambaye sikuwahi kumwona, jina la Mariamu halikuwemo. Nilikasirika, sitawaficha. Nilimgombeza kama nilivyokuwa nikimgombeza akiwa mtoto, naye akawa anaitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Kisha nikamwambia ampe Hamidu simu.

"Shemeji," nikasema. "Kwa hiyo hata pale kwenye basi, watu wakitaka kunichoma, ulijitwisha yote peke yako?"

"Nilikuwa nimeapa, shemeji."

"Na nilipokuita mwongo pale uani?"

"Kuhusu chupa nilikuwa nimesema uongo kweli."

"Ungenijibu hata neno moja, Hamidu."

"Ulikuwa umetoka Jinja mpaka Mbale kwa ajili yake," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini chini niliyoishuku kwa miaka kumi na minane. "Kama kunichukia kulikuwa kunakupa nguvu za kukaa kwenye benchi lile, mimi nilikuwa radhi unichukie."